Aliyenifundisha kunyamaza mbele za Mungu si wa kanisa langu. Nimpokee nusu nusu?

Benchi la Nyuma (mleta mada)

Bwana asifiwe wapendwa. Tumsifu Yesu Kristo kwa ndugu wa upande ule. Shalom kwa waliobaki. Nimezitoa salamu zote tatu makusudi, maana uzi wenyewe unahusu hilo hilo.

Niliokoka nikiwa kijana, na kwa miaka 19 nimekaa katika kanisa moja la kipentekoste. Sijahama na sina mpango wa kuhama. Nasema mapema kabla hamjaanza kunionyesha mlango wa kutokea. Katika miaka hiyo, 11 nimekuwa kiongozi wa maombi. Mnaoijua kazi hiyo mnaelewa: saa nane za usiku watu wanasinzia, na wewe ndiye wa kuchochea moto. Kuomba kwangu kulikuwa kwa sauti, kwa kusimama, kwa kutembea kutoka ukuta hadi ukuta. Niliamini Mungu yumo mle, na bado naamini.

Kisha baba akaugua, akafa.

Mara ya kwanza kuongoza maombi baada ya msiba nilishika kipaza sauti, nikasema "Baba," basi. Sikuweza kuendelea. Neno nililolitamka maelfu ya mara lilikuwa sasa na mtu mwingine ndani yake. Nikasimama pale mpaka mwenzangu akaja akakichukua kipaza sauti taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu.

Ndugu wakaniombea. Wakakemea roho ya huzuni. Siwalaumu hata kidogo, mimi mwenyewe ningefanya hivyo hivyo. (Niliwahi kumkemea mjane mmoja roho ya huzuni wiki ya pili baada ya kumzika mumewe. Nikimkumbuka natamani ardhi inimeze.) Lakini sauti haikurudi. Miezi mitano nikawa naenda ibadani kama mtu aliyesindikiza wengine.

Aliyenishika mkono ni mtawa wa Kikatoliki, Sista mmoja kati ya waliomuuguza baba. Nilirudi pale alikouguzwa kushukuru, akaniuliza ninaendeleaje, nikajikuta namwambia ukweli ambao mchungaji wangu sijamwambia. Hakunihubiria. Alivuta kiti, akafungua Zaburi ya 131, ile fupi ya aya tatu, akaniambia: "Soma kwa sauti mara moja. Chagua maneno machache yaliyokugusa. Yarudie moyoni, halafu nyamaza. Usimsaidie Mungu kujibu."

Nilishika "kama mtoto aliyeachishwa". Nikakaa. Dakika ya kwanza nilisikia saa ya ukutani. Ya tatu nikaanza kuogopa, kwa sababu nimefundishwa, na nimewafundisha wengine, kwamba ukinyamaza na kuiacha akili tupu unamfungulia adui mlango. Nikafumbua macho nimtazame. Yeye alikuwa amefumba yake, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri zamu yake na hana haraka. Nikarudi kwenye mstari. Na hapo nikagundua kitu ambacho kwa miaka yote hiyo sikukijua, kwa kuwa sikuwahi kujaribu: akili haikuwa tupu. Ilikuwa na maneno matatu ya Maandiko ndani yake na nafasi kubwa kuyazunguka. Mtoto aliyeachishwa ziwa hamlilii tena mama kwa sababu ya maziwa. Amekaa kifuani kwa sababu ni kifua cha mama. Nililia siku ile kwa mara ya kwanza tangu maziko, kimya kimya, na hakuna aliyenikemea.

Baadaye nikajifunza kwamba njia ile ni ya kale. Katika karne ya 12 mtawa mmoja aitwaye Guigo wa Pili aliipanga kama ngazi ya vidato vinne: kusoma, kutafakari, kuomba, kisha kutulia mbele za Mungu. Karne ya 12, wapendwa! Mimi nilikuwa naihubiri kama uchawi mpya ulioletwa kuwapoteza vijana.

Sasa hoja yangu. Tunapenda kuwataja watu wa Beroya, Matendo 17:11, kuwa mfano wa kuchunguza mafundisho. Ni kweli walichunguza. Lakini someni mpangilio: "walilipokea lile neno kwa uelekevu wa moyo, wakayachunguza maandiko kila siku." Walianza kwa kupokea, kuchunguza kukafuata, tena kila siku, si ndani ya dakika tano za kwanza. Mimi nilikuwa nachunguza bila kupokea. Na ukichunguza kitu usichokipokea, unachochunguza ni jina lake tu. Nilijua mafundisho ya Wakatoliki, Waorthodoksi na Walutheri kwa majina na kwa vichekesho vya mimbarani. Hakuna nililowahi kuliweka mkononi nikalipima uzito.

Kuna kisa cha John Wesley ninachokipenda. Yeye ni kasisi wa Kianglikana, yuko safarini kwenda Georgia, koloni la Waingereza huko Amerika, kuhubiri. Ndani ya meli, mwaka 1736, dhoruba inapiga, Waingereza wanapiga mayowe, na kikundi cha Wamoravia kutoka Ujerumani wanaendelea kuimba zaburi pamoja na watoto wao. Kinamuuma: hawa wana nini nisichokuwa nacho? Tarehe 24 Mei 1738, jijini London, anakwenda kwenye mkutano mdogo katika mtaa wa Aldersgate. Mwenyewe aliandika kwamba alikwenda shingo upande. Pale mtu anasoma utangulizi ambao Luther aliuandikia Waraka kwa Warumi, na kama saa tatu kasorobo usiku moyo wa Wesley unapata joto ambalo hakulitarajia. Hesabuni: Mwanglikana, kwa njia iliyofunguliwa na Wamoravia, akisikia maneno ya Mlutheri aliyekwisha kufa miaka 192 iliyopita. Na Wamethodisti wengi wa dunia wanahesabu chimbuko lao hapo.

Swali langu kwenu: nimpokee Sista yule mpaka wapi? Mchungaji wangu nimeshamwambia. Amesema, "Chukua nyama, tema mifupa." Nashukuru hakunifukuza, ila usemi ule unanisumbua. Unanifanya nimwone mama yule kama sahani.

---

Mlinda Lango

Mleta mada, pole sana kwa msiba. Sasa niruhusu nikupinge.

Wagalatia 1:8: hata malaika wa mbinguni akija na injili nyingine, alaaniwe. Paulo hakusema tumpokee kwanza malaika kwa uelekevu wa moyo, tumwekee kiti, tuone atakavyotufanya tujisikie. Na 2 Timotheo 4:3 inawataja watu wenye "masikio ya utafiti" wanaojipatia waalimu makundi makundi. Siku hizi makundi hayo yako mfukoni mwa kila mtu, unabonyeza tu. Asubuhi nabii, mchana mwalimu wa mafanikio, jioni mtu wa kutafakari. Ndiyo maana Waefeso 4:14 inasema juu ya kutupwa huku na huku na kila upepo wa elimu.

Sina ugomvi na Wakatoliki. Nina sababu yangu ya nyumbani. Dada yangu alikuwa mtu wazi kuliko wewe. Kila fundisho alilipokea. Mwisho akampata mwalimu aliyemwambia kwamba kumeza dawa zake ni kukosa imani. Aliacha. Tumemzika akiwa na miaka 34. Kwa hiyo mtu akiniambia nifungue mlango kwanza nichunguze baadaye, namjibu kwamba kuna mambo hayakupi hiyo baadaye.

---

Nusu Mkate

Mimi nimejaribu hiyo ya kunyamaza na Zaburi. Nililala. Tena usingizi mzito wa kukoroma, mke wangu shahidi. Je, na hiyo ni karama?

---

Mama Wawili

Mlinda Lango, pole mdogo wangu. Nimesoma ujumbe wako mara mbili na sitaki kuupita kana kwamba ni hoja tu.

Lakini naomba nikuulize kwa upole, kwa sababu na mimi nimepita katika mikono ya mwalimu wa aina hiyo na nikatoka hai: huyo mwalimu alimruhusu dada kusikiliza wengine? Wangu hakuruhusu. Mwanzoni ilikuwa "karibu, sikiliza". Mwezi wa tatu ikawa "usisikilize mahubiri mengine, utachanganya upako". Mwezi wa sita ikawa usile kwa mama yako kwa sababu hajaokoka sawasawa. Sikuponea kwa kujifunga, nilikuwa nimeshafungwa. Niliponea dirishani: jirani Msabato aliyekuwa ananiletea gazeti lao la mafundisho, na mimi nililisoma chooni, nimefunga mlango, moyo unanidunda, kama mtoto aliyeiba sukari. Humo nikakuta aya ambayo mwalimu wangu alikuwa akiikatisha kila mara katikati. Aliisoma nusu tu! Nikaifungua Biblia yangu mwenyewe, nikaisoma hadi nukta. Ndiyo siku niliyoondoka.

Kumbukeni habari ya Jim Jones, mhubiri Mmarekani aliyewapeleka wafuasi wake Guyana: Novemba 1978, watu zaidi ya 900 wakafa. Wale hawakuangamia kwa kusikiliza waalimu wengi. Walikuwa porini, wametengwa na ndugu zao, na sauti ya mtu mmoja ikitoka kwenye vipaza sauti mchana na usiku.

Mimi nina kipimo kimoja nilichokipata kwa machungu: mwalimu wa kweli haogopi nikimsikiliza mwingine.

---

Mlinda Lango

Mama, shikamoo. Hapana, hakuruhusiwa. Mwishoni hata simu zangu alikuwa hapokei.

Sikuwahi kulitazama hivyo. Lakini bado: mlango alioingilia ulikuwa wazi.

---

Shemasi Mstaafu

Marahaba kwa wote, wadogo na wakubwa. Mimi ni Mlutheri, mzee, muda ninao, mtanivumilia.

Nyote wawili mna haki, kwa sababu kuna vitu viwili vinavyoitwa kwa jina moja. Kuna injili, na kuna shule za kuiishi injili. Wagalatia 1:8 inalinda injili yenyewe. Paulo anaieleza kwa ufupi katika 1 Wakorintho 15: Kristo alikufa kwa ajili ya dhambi zetu, akazikwa, akafufuka siku ya tatu. Mababa waliokutana Nikea mwaka 325 walipigania hapo hapo, Yesu ni nani hasa. Mtu akikugusia hapo, funga mlango, Mlinda Lango, na ukae na rungu.

Lakini namna ya kusali, kufunga, kusoma, kuimba, kukaa kimya, kuungama, kukesha, hayo ni shule. Na shule moja haiwezi kufundisha masomo yote. Huyu huyu Paulo mkali wa Wagalatia, alipokuta Wakorintho wanasema mimi ni wa Paulo, mimi ni wa Apolo, mimi ni wa Kefa, hakuwaambia wote wawe wa Paulo. Aliwaambia "vyote ni vyenu, kwamba ni Paulo, au Apolo, au Kefa". Kosa lao lilikuwa kujinyima. Walikuwa na urithi wa waalimu watatu, kila mmoja akachukua theluthi akaipigania.

Na tumtazame huyo Apolo, Matendo 18. Mtu wa Iskanderia, mtu wa elimu, hodari katika Maandiko. Anahubiri kwa moto, ila anajua ubatizo wa Yohana tu. Prisila na Akila, mafundi wa kushona mahema, wanamsikiliza mpaka mwisho. Hawamkatizi mbele ya watu. Wanamchukua kwao, wanamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Nimefundisha kisa hiki miaka mingi nikiwasifu Prisila na Akila kwa hekima yao. Uzeeni ndipo nimemwona Apolo. Msomi, msemaji, anakaa nyumbani kwa watu wa mahema, na katika kutajwa mwanamke anatangulia, na anakubali kuambiwa: hapo hukukamilika. Nani kati ya wahubiri tunaowajua angekaa kwenye kiti hicho?

Kanisa langu na la Sista yule tulirushiana laana tangu siku za Luther, 1517 na kuendelea. Tarehe 31 Oktoba 1999, huko Augsburg, wakuu wa pande mbili walitia saini tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki kwa imani, jambo lile lile lililotutenganisha. Mwaka 2006 Wamethodisti nao wakaungana na tamko hilo. Miaka 482 kutoka 1517, ndugu zangu. Hawakufika pale kwa kuacha imani zao. Walifika kwa kukaa mezani mpaka kila mmoja akaweza kulisema neno la mwenzake kwa namna ambayo mwenzake angeitikia: ndiyo, hicho ndicho ninachoamini. Mnaijua kazi hiyo ilivyo ngumu? Jaribuni na wenzi wenu wa ndoa.

Kwako Nusu Mkate: wazee wa jangwani, wale watawa wa kale kule Misri, waliwahi kumuuliza mwenzao Abba Poemen kama wawaamshe ndugu wanaosinzia kwenye sala. Akajibu kwamba yeye akimwona ndugu anasinzia, hukiweka kichwa chake magotini pake na kumwacha apumzike. Mshukuru mkeo.

---

Nusu Mkate

Mzee, hilo nimemsomea mke wangu. Amesema Abba Poemen hakuwahi kusikia mkoromo wangu.

---

Msomaji Kimya

Huwa sichangii humu, leo nimeguswa. Mimi ni Mkatoliki, nimefanya mafungo ya Kijesuiti mara kadhaa. Naomba nimjibu Mlinda Lango kwenye lile la "hayakupi hiyo baadaye", maana ndilo swali zito kuliko yote hapa.

Ignasi wa Loyola, mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti, alikuwa askari. Mwaka 1521, vitani Pamplona, mzinga ulimvunja mguu. Akiwa kitandani akaomba hadithi za mashujaa na wapenzi wao, alizozoea. Nyumba ile haikuwa nazo. Akapewa maisha ya Kristo na ya watakatifu, akasoma kwa kukosa kingine. Kati ya kurasa alikuwa akiota ndoto za mchana: mara anaota umashuhuri na bibi mmoja wa daraja la juu, mara anaota kuishi kama Fransisko au Dominiko. Ndoto zote mbili zilikuwa tamu wakati anaziota. Tofauti ilikuja baadaye. Za kwanza zilimwacha mkavu, hana raha. Za pili zilimwacha ametulia hata saa kadhaa baadaye. Hapo ndipo alipoanza kujifunza kupambanua roho.

Kwa hiyo sisi tunafundishwa kutolipima fundisho kwa linavyokupa raha ukilisikia. Mkate na sumu vyote vinaweza kuwa vitamu mdomoni. Unatazama linakuacha vipi. Na tunafundishwa jambo la pili: usipambanue peke yako. Unamwambia mlezi wako wa kiroho kila kitu, hasa kile usichotaka akijue. Ignasi alisema adui wa roho hutenda kama mpenzi wa siri: anaogopa zaidi ya yote binti asije akamwambia baba yake.

Dada yako, Mlinda Lango, alinyimwa vyote viwili. Alinyimwa muda wa kuona fundisho lile linamwacha vipi, na akanyimwa mtu wa kumwambia. Sisemi haya kukufundisha. Nasema kwa sababu ungekuwa wewe ndiye huyo mtu.

---

Mlinda Lango

Nimeusoma. Nitajibu kesho.

---

Benchi la Nyuma (mleta mada)

Nashukuru sana wapendwa. Sikutegemea.

Naongeza mawili. La kwanza linamhusu Wesley, kwa sababu nilikiacha kisa mahali patamu na si haki. Miaka miwili tu baada ya usiku ule wa Aldersgate, mwaka 1740, aliachana na kundi la Wamoravia la London. Kulikuwa na fundisho limeingia kwamba mtu asiye na imani kamili akae kimya tu, asiende hata mezani pa Bwana, asifunge, asiombe, mpaka Mungu ampe imani hiyo. Wesley alilipima akalikataa wazi, akatoka na wenzake. Lakini joto la moyo hakulirudisha. Kwa hiyo Mlinda Lango, hata aliyepokea alifunga mlango fulani baadaye. Na hapo mimi najihadhari na ukimya wangu pia: siku nitakapoona ninautumia kukwepa ibada na watu, nitajua nimefika pale Wesley alipotokea.

La pili sikuliandika mwanzo kwa aibu. Wiki kadhaa baada ya Zaburi ile, Sista aliniuliza: "Nyinyi mnapomwombea mgonjwa, mnaanzaje?" Nikadhani ananitania. Kumbe kwa miaka 30 na zaidi amekuwa akisali na wagonjwa kwa sala zilizoandikwa, na ni sala nzuri, lakini hakuwahi kumwombea mtu kwa maneno yake mwenyewe, akisikiwa. Alitaka kujua. Mimi niliyepoteza sauti nikawa mwalimu wa sauti! Nikamwambia: mshike mkono, mtaje Yesu, sema unachokiona. Kulikuwa na mzee mmoja kitanda cha mwisho. Sista akamshika mkono. Mkono wa Sista ulikuwa unatetemeka kuliko wa mgonjwa. Akasema, "Yesu, huyu ni rafiki yako, na leo hajala." Akanyamaza. Akanitazama kama anauliza, imetosha? Nikasema amina, na amina ile ilitoka kwa sauti yangu ya zamani, mpaka muuguzi akageuka.

Ndiyo maana "chukua nyama, tema mifupa" inanishinda. Pale hapakuwa na mla na sahani.

---

Jicho Kavu

Sasa hivi mtatuambia na wapiga ramli tuwapokee kwa uelekevu wa moyo. Ndivyo inavyoanza.

---

Shemasi Mstaafu

Jicho Kavu, rudi juu kidogo, nilipotaja rungu.

---

Mama Wawili

Naomba pia tusisahau Marko 9. Yohana anakuja mbio: tumemwona mtu anatoa pepo kwa jina lako, hafuatani nasi, tukamkataza. Nafikiri alitegemea kusifiwa. Na kinachochekesha, aya chache nyuma katika sura hiyo hiyo wanafunzi wamejaribu kumtoa mtoto pepo wakashindwa. Yaani wamemkataza mtu anayeweza walichoshindwa wao. Hapo huwa najiuliza, kelele zetu nyingi dhidi ya makanisa mengine zinatoka kwenye Wagalatia 1, au zinatoka kwenye Marko 9?

---

Mlinda Lango

Nilisema nitajibu kesho, imekuwa siku nne.

Msomaji Kimya, sentensi yako ya mwisho ilinikalia vibaya. Nilikasirika kwanza. Halafu nikazitafuta jumbe za zamani za dada. Kuna moja aliniandikia miezi kadhaa kabla hajaacha dawa: "Kaka, kuna fundisho nimelisikia, naomba nikueleze uniambie unaonaje." Nikamjibu kwa aya. Wagalatia 1:8. Sikumuuliza hata ni fundisho gani. Hakuniandikia tena kuhusu hayo.

Siwezi kusema zaidi hapo.

Bado naamini lango lazima lilindwe. Ila mlinzi naye anatakiwa asikilize nani anabisha. Mleta mada, nina swali moja, na silileti kwa ubishi. Nadhani siku hizi unakwenda kusali kule kwa Sista. Misa ikifika kwenye kukomunika, yaani kushiriki meza ya Bwana, unafanyaje? Maana pale ndipo maneno yetu yote mazuri ya humu yanapokwama. Kwao hupokei, na kwako ukisema ulipokea utaulizwa.

---

Benchi la Nyuma (mleta mada)

Kaka, pole. Pole sana. Nitakutumia ujumbe pembeni.

Nikijibu swali lako: nakaa. Mara ya kwanza niliinuka na mstari, kisha nikakumbuka, nikarudi kwenye benchi, watu wakabana magoti nipite. Sista hakuniambia niende wala nisiende. Kanisa lake halijaniruhusu, na kumwibia mtu aliyenikaribisha siwezi. Kwa hiyo wote wanakwenda, benchi zima linabaki tupu, mimi peke yangu na Zaburi yangu. Inauma, sitaki kudanganya. Mara ya pili Sista alipokea, akarudi, na badala ya kwenda mahali pake kule mbele akaja kukaa kando yangu. Hatukusema kitu.